Kabla Mtoto Hajachorwa Kipepeo

Sherehe za watoto mijini siku hizi hazikamiliki bila mchoraji wa nyuso. Iwe ni siku ya kuzaliwa Mikocheni au Kilimani, bonanza la shule, Idi au Krismasi, karibu na jumba la upepo la kurukia utamkuta kijana ameketi na kisanduku cha rangi, kioo cha mkononi na foleni ya watoto isiyotulia. Mmoja anataka chui, mwingine kipepeo, wa tatu anataka kuwa Spiderman mzima mpaka masikioni. Mzazi analipa, anapiga picha, anarudi kwenye pilau.

Mimi ni mmoja wa hao vijana wa kisanduku, na kazi hii naipenda kwa dhati. Haihitaji umeme wala uwanja mkubwa. Mtoto aliyefika amejificha nyuma ya gauni la mama yake, akishachorwa simba na kuonyeshwa kioo, mara nyingi hunguruma palepale na kukimbilia wenzake. Sijaona mchezo mwingine unaomfungua mtoto mwenye haya upesi namna hiyo. Ndiyo maana nataka ufanywe vizuri, na kuufanya vizuri kunaanzia kwenye swali ambalo wazazi hawaliulizi: hiyo rangi iliyomo koponi ilitengenezwa ipakwe wapi?

Rangi ya usoni ni kipodozi. Iko kundi moja na poda, rangi ya midomo na losheni, na inapaswa kuwa imetengenezwa kwa ajili ya ngozi tangu kiwandani. Nyingi kati ya zile nzuri ni kavu, zimeshindiliwa kwenye kopo bapa, na huamshwa kwa maji kidogo ya brashi au sponji. Ndani yake mna chembe za rangi zenyewe, mna kijazio laini cha kaolini au talki, mna glisirini ya kuzuia rangi isipasuke mtoto anapocheka, na mna nta au gundi ya mgunga ya kuishikiza ngozini. Gundi hiyo ya mgunga, ambayo kwa wingi hutoka Sudan, ndiyo hiyo hiyo inayotiwa kwenye soda na peremende. Mwishoni hutiwa dawa ya kuzuia vijidudu, kwa sababu kitu kinacholowanishwa maji kila siku na kugusana na nyuso za watu huota bakteria na ukungu haraka, hasa kwenye joto letu la pwani.

Sasa linganisha na kinachouzwa dukani kwa bei ya chini. Rangi ya akriliki, ile ya tyubu inayotumiwa na wachoraji wa picha, ni chembe za plastiki zilizotawanywa ndani ya maji. Maji yakikauka, chembe zinashikana na kuwa utando. Kwenye turubai utando huo ndio sifa yake kubwa. Kwenye shavu la mtoto unakakamaa, unavuta ngozi, na kuubandua ni kubandua pia vinyweleo na tabaka la juu kabisa la ngozi. Tena baadhi ya rangi za akriliki hupata wekundu, unjano au ubuluu wake kutoka kwenye metali kama kadimiamu na kobalti, ambazo hazina nafasi kwenye uso wa mtu. Rangi za mabango, peni za rangi za kuandikia ubaoni, rangi za maji za darasani, zote hazikutengenezwa kwa ngozi. Rangi ya chakula nayo si jibu: ni salama tumboni kwa kiasi chake, lakini huingia ngozini na kukaa siku kadhaa, na Jumatatu mtoto anaenda shule na mdomo wa buluu.

Hapa pana mtego unaowanasa hata watu makini. Kopo limeandikwa kuwa halina sumu, na mzazi anatulia. Maneno hayo yanahusu matumizi yaliyokusudiwa: mtoto akichora kwenye karatasi na kulamba kidole kidogo, hatadhurika. Hayasemi chochote kuhusu rangi kukaa saa nne juu ya kope, juani, ikichanganyika na jasho. Ngozi ya mtoto mdogo ni nyembamba kuliko yetu, hupitisha vitu kwa urahisi zaidi, na kwa mwili mdogo kiasi kile kile cha kemikali kina uzito mkubwa zaidi. Juu ya hayo, mtoto atajipangusa uso kwa kiganja kisha atakula keki kwa kiganja hicho hicho.

Historia ya rangi za uso ina funzo chungu kuhusu risasi, namaanisha ile metali. Kwa karne nyingi waigizaji wa Ulaya walijipaka unga mweupe wenye risasi ili waonekane jukwaani chini ya mwanga hafifu, na walilipa kwa afya zao. Mwaka 1873, huko Berlin, mwimbaji wa opera Ludwig Leichner alianza kuuza vijiti vya rangi ya mafuta visivyokuwa na risasi, na biashara yake ikaenea kwenye majumba ya maigizo. Ungedhani suala hilo liliishia hapo. Mwaka 2009 shirika la Marekani liitwalo Campaign for Safe Cosmetics lilipeleka maabara aina 10 za rangi za usoni za watoto. Zote 10 zilikutwa na risasi, kati ya sehemu 0.05 na 0.65 kwa kila milioni, na 6 kati yake zilikuwa na nikeli, kobalti au kromiamu, metali zinazojulikana kwa kuamsha mzio wa ngozi. Viwango hivyo vya risasi ni vidogo, na sherehe moja haimpi mtoto ugonjwa. Lakini Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto, na hizo zilikuwa rangi zilizouzwa rasmi kwa watoto, katika nchi yenye maabara na sheria. Mwaka huo huo, huko huko Marekani, rangi nyingine ya usoni iliondolewa sokoni baada ya watoto kutoka vipele na kuvimba pale walipopakwa. Vipimo vya serikali vikakuta imejaa vijidudu.

Sisi wa pwani tuna mambo mawili yetu wenyewe ya kuyatazama katika mwanga huo. La kwanza ni piko. Hina halisi ni majani yaliyosagwa, hutoa rangi ya machungwa hadi kahawia iliyoiva, na watoto wa Kiswahili wamepambwa kwayo vizazi na vizazi. Piko nyeusi inayokolea ndani ya saa moja kwa kawaida ni rangi ya nywele yenye kemikali iitwayo PPD. Umoja wa Ulaya unairuhusu kwenye rangi ya nywele isizidi asilimia 2 wakati wa kupaka, na hauiruhusu kabisa kwa kuchorea ngozi. Mtoto asiyepatana nayo huweza kutoka malengelenge yenye umbo lile lile la ua alilochorwa, siku kadhaa baada ya sherehe, na kubaki na kovu au doa jeupe. Baya zaidi ni kwamba mwili ukishaitambua kama adui, hausamehi tena: akiwa mtu mzima akipaka rangi ya nywele anaweza kuvimba uso mzima. Mtoto asichorwe piko, si mkononi wala usoni. Nasema hivyo nikijua kwamba kuna mabibi watakaonikasirikia.

La pili ni wanja. Uko wanja wa kisasa usio na tatizo, na uko wa kienyeji unaosagwa kutoka kwenye jiwe la galena, ambalo ni madini ya risasi. Baadhi ya wanja wa namna hii ukipimwa, risasi huzidi nusu ya uzito wake. Mchoraji anayekosa rangi nyeusi asikimbilie kichupa cha wanja cha nyumbani kuchora masharubu ya paka.

Basi mzazi atajuaje? Asome kopo. Rangi iliyotengenezwa kwa ngozi huorodhesha viambato vyake, na rangi zenyewe hutajwa kwa namba zinazoanza na herufi CI. CI 77891 ni titani dioksidi, nyeupe. CI 77491, 77492 na 77499 ni oksaidi za chuma: nyekundu, njano na nyeusi. Huhitaji kuzikariri. Inatosha kujua kwamba kiwanda kinachoziandika kinakubali kuulizwa, na kisichoandika lolote hakitaki kuulizwa. Tafuta pia tarehe ya mwisho wa matumizi, au ule mchoro wa kikopo kilicho wazi wenye namba ya miezi ambayo rangi hudumu baada ya kufunguliwa. Tanzania Bara usimamizi wa vipodozi uko kwa Shirika la Viwango (TBS) tangu 2019, Zanzibar uko kwa Wakala wa Chakula na Dawa (ZFDA), Kenya ni Shirika la Viwango (KEBS). Bidhaa ikikutia shaka, hao ndio wa kuulizwa.

Rangi zile zinazowaka, za kijani cha limau na waridi kali, zinahitaji tahadhari ya ziada. Marekani inaruhusu chache tu kwenye vipodozi, na hakuna hata moja kati ya hizo inayoruhusiwa kuzunguka macho. Zipake shavuni au kwenye paji la uso, uziache mbali na kope. Na glita iwe ya vipodozi, iliyokatwa ndogo sana na kwa kingo butu. Ile ya kubandikia kadi ni kubwa na ina kona kali. Chembe moja ikiingia jichoni na mtoto akaanza kujifikicha, inaweza kulikwaruza jicho.

Tukitoka kwenye kopo tunafika kwenye usafi, na hapa ninawasemea wenzangu wa kazi zaidi kuliko wazazi. Mwanzoni mwa 2024 ugonjwa wa macho mekundu ulienea Mombasa, Dar es Salaam na kwingineko, na kila aliyekuwa na mtoto shuleni anaukumbuka. Fikiria sponji moja ikipita kwenye macho ya watoto thelathini katika mchana mmoja wa wakati ule. Kanuni niliyojiwekea ni sponji moja kwa mtoto mmoja: nakata sponji vipande vingi vya nusu duara, kikishatumika kinaingia kwenye mfuko wa vichafu, hakirudi mezani hadi kifuliwe kwa sabuni na kukauka juani. Brashi huoshwa kwenye kikombe cha kwanza, husuuzwa kwenye cha pili, na maji hubadilishwa yakishachafuka, bila kungoja sherehe iishe. Jioni brashi huoshwa kwa sabuni na kulowekwa kidogo kwenye spiriti ya asilimia 70. Makopo ya rangi huachwa wazi kivulini mpaka yakauke kabisa ndipo yafunikwe. Ukifunika rangi mbichi Dar es Salaam au Tanga mwezi wa Machi, baada ya siku chache utakuta ukungu, na rangi yenye ukungu au harufu ya kuoza hutupwa hata kama ilikuwa ghali.

Mtoto mwenye macho mekundu, mapunye usoni, kidonda mdomoni au upele unaochuruzika hachorwi. Sipendi kumwambia mtoto hapana mbele ya wenzake, kwa hiyo namwambia yeye ana zawadi maalumu, nambandikia stika mkononi au namfunga utepe, kisha namweleza mzazi pembeni kwa sauti ya chini. Na kwa mtoto ambaye amewahi kutokwa vipele kwa sabuni au mafuta, mzazi aombe rangi siku moja kabla, apake tone dogo ndani ya kiwiko, aangalie kesho yake.

Sasa tuje kwenye mkono. Uzuri wa uchoraji wa uso unatokana na kasi na mpangilio. Dakika 3 hadi 5 kwa mtoto ndicho kipimo cha kazi, yaani watoto 12 hadi 20 kwa saa, na zaidi ya hapo mtoto mwenyewe anachoka kukaa. Chukua kipepeo, ambaye huombwa kuliko vyote. Mtoto anakaa kwenye kiti kirefu ili uso wake ulingane na wangu. Mkono mmoja naushikilia juu ya kichwa chake taratibu, na kidole kidogo cha mkono wa brashi kinaegemea taya lake, ili akigeuka nigeuke naye. Namwambia afumbe macho polepole bila kuyakaza, kwa sababu jicho lililokazwa hukunja ngozi na rangi hubaki na mistari mitupu likifunguka.

Sponji inalowanishwa, inakamuliwa mpaka iwe na unyevu tu, inazungushwa kwenye njano kisha ukingo wake kwenye waridi. Naiweka kwenye kona ya ndani ya jicho, naivuta juu ya unyusi kuelekea panapoanzia nywele. Hilo ni bawa la juu. Bawa la chini ni dogo, linakaa juu ya shavu. Kabla sijaongeza chochote nafanya upande wa pili vivyo hivyo, kila rangi pande zote mbili, maana mtoto wa miaka minne anaweza kuruka kitini akisikia keki inakatwa, na akiondoka hapo awe na mabawa mawili yanayofanana.

Kisha brashi ya duara, namba 3 au 4. Rangi ya mistari iwe na uzito wa uji mwepesi: ikiwa na maji mengi inachuruzika, ikiwa nzito inakatika. Nasimamisha brashi wima, naikandamiza tumbo lake lifunguke, naivuta, nainyanyua. Mstari unaanza mnene na kuishia na mkia mwembamba. Siri iko kwenye mikia: yote ielekee kwenye kona ya ndani ya jicho, pale bawa linapoota. Mchoro wenye mistari michache inayoelekea mahali pamoja hupendeza kuliko wenye mapambo mengi yaliyotawanyika. Mwili wa kipepeo unakaa juu ya mgongo wa pua, pembe zake mbili zinapanda kwenye paji. Mwisho kabisa nyeupe: tone kubwa, la kati, dogo, yote kwa brashi iliyochovywa mara moja. Hapo unaacha. Wengi huharibu kwa kushindwa kuacha.

Jambo ambalo nataka kulikalia zaidi ni ngozi nyeusi, kwa sababu karibu vitabu na video zote ambazo vijana wetu wanajifunzia zinaonyesha watoto wa Kizungu. Kijana anaiga kama alivyoona: waridi hafifu, buluu ya angani iliyochanganywa na nyeupe nyingi, kisha mstari mweusi kuzunguka. Juu ya ngozi nyeusi rangi hizo hafifu huonekana za kijivu, majivu majivu, na mstari mweusi unapotea. Kijana anahitimisha kwamba ngozi ndiyo tatizo, na dawa yake ni kumpaka mtoto nyeupe uso mzima kwanza. Nimeliona hilo mara nyingi, na linaniumiza, kwa kuwa mtoto anasikia kinachosemwa hata kama hakuna aliyefungua mdomo.

Ngozi nyeusi inapendeza sana kwa rangi. Dhahabu, shaba, nyeupe safi, njano iliyokolea, machungwa, kijani cha majani mabichi na buluu ya umeme hung'aa juu yake kuliko juu ya ngozi nyeupe. Kinachotakiwa ni kubadilisha mpangilio. Njano kwa asili ni rangi dhaifu, hivyo ipewe tabaka jembamba la nyeupe chini yake, pale tu itakapokaa. Zambarau na buluu ya giza vivyo hivyo. Mistari ya nje ichorwe kwa nyeupe au dhahabu, na nyeusi ibaki ndani ya sehemu zilizokwisha kupakwa rangi angavu, ambako itaonekana.

Na wakati mwingine ngozi yenyewe iachwe ifanye kazi. Simba wa Serengeti hahitaji uso mzima wa machungwa. Kwa mtoto mwenye ngozi ya kahawia naacha mashavu yake kama yalivyo, naweka dhahabu kidogo kwenye paji na mgongo wa pua, nyeupe kuzunguka mdomo na juu ya nyusi, pua nyeusi, kisha manyoya ya shingo kwa mivuto ya brashi ya machungwa na dhahabu kutoka kwenye mashavu kwenda nje. Mtoto anabaki anatambulika, na simba anaonekana. Picha yake ni nzuri kuliko zote ninazochora.

Wanyama wetu pia wanastahili kuchorwa kwa usahihi. Chui milia, mwenye mistari, ni wa Asia; watoto wanampenda na sina ugomvi naye. Lakini anayeomba chui wa kwetu apewe madoa yake yalivyo: vijiduara vilivyokatika, vyenye rangi ya kahawia katikati. Duma ana madoa yaliyojaa, na ana mistari miwili myeusi inayoshuka kutoka kona za ndani za macho hadi pembeni mwa mdomo. Ukichora mistari hiyo kwenye ngozi nyeusi, pitisha nyeupe kando yake ili ionekane. Mtoto aliyechorwa duma kwa mistari yake hatamchanganya tena na chui maisha yake yote.

Katika bendera usahihi unadaiwa zaidi, na Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027 linakuja Kenya, Tanzania na Uganda, kwa hiyo mashavu mengi yatachorwa. Mstari mweusi wa bendera ya Tanzania unapanda kutoka chini kushoto kwenda juu kulia, wenye kingo za njano, kijani kikiwa juu na buluu chini. Anayejichora mwenyewe kwa kioo huigeuza bila kujua. Amwachie mwenzake amchore.

Yapo mengine ambayo si ya rangi wala brashi. Mtoto aulizwe yeye anataka nini, na akisema hataki, iishie hapo, hata kama mama ameshashika simu apige picha. Kwa walio chini ya miaka 3 sichori uso. Ua dogo mkononi linatosha, nao hulifurahia kwa sababu wanaliona wenyewe bila kioo. Mtoto ambaye kuguswa usoni kunamsumbua, kama walivyo baadhi ya watoto wenye usonji, ashike brashi kwanza, ajichore kidole. Wapo wazazi Waislamu wasiopenda sura za viumbe hai, basi niwe na nyota, maua, mawimbi na upinde wa mvua tayari, na niulize kabla ya kuanza, isije ikawa mtoto amefutwa simba wake mbele ya watu. Kwa mtoto mwenye ualbino, mafuta ya kujikinga na jua yapakwe kwanza, yaachwe kama nusu saa yakolee ndipo rangi ifuate, na mtoto akae kivulini na kofia yake. Rangi ya usoni si kinga ya jua.

Kuondoa ni rahisi ikifanywa kwa utaratibu. Watu humwagia mtoto maji na kusugua kwa taulo, na ndipo buluu na kijani hujipenyeza ngozini. Anza na sabuni laini ya mtoto kwenye sponji yenye unyevu kidogo tu, zungusha polepole hadi rangi ilegee, pangusa kwa kitambaa, kisha ndipo maji. Karibu na macho tumia mafuta ya nazi kidogo kwenye pamba. Asilale na rangi usoni, hata kama amesinzia garini akiwa bado chui. Kukiwa na wekundu au kuwashwa kusikopungua, osha vizuri na mpeleke kituo cha afya pamoja na jina la rangi iliyotumika, au picha ya kopo lake, daktari atalihitaji.

Anayetaka kujaribu nyumbani hahitaji kisanduku kikubwa. Rangi sita zinatosha: nyeupe, nyeusi, nyekundu, njano, buluu na dhahabu, zilizotengenezwa kwa ngozi, brashi mbili za duara na sponji za kukata. Kijani, machungwa na zambarau utazichanganya mwenyewe. Gharama ya mwanzo ni kubwa kuliko tyubu za akriliki, lakini kopo moja dogo huchora nyuso nyingi sana, na ukigawa kwa kila mtoto tofauti inakuwa ndogo kuliko bei ya puto.

Kwa vijana wenzangu mnaoanza na bado mna tyubu za akriliki kwenye kisanduku, ziwekeni kando leo, mzitumie kwenye kuta na vibao. Anzeni na rangi tatu halali kuliko ishirini za mashaka. Na wewe mzazi, siku ukimwita mchoraji, mwambie afike mapema kidogo kabla ya wageni, mkae naye mezani uyasome makopo yake na kuziona sponji zake. Anayejali kazi atafurahi kuulizwa. Anayekataa kuyaonyesha mpe nauli yake arudi, watoto wacheze kombolela.